Mama Ametolewa Eda Mtoni, Si Kwenye Beseni

Jumamosi, alasiri. Mvua imekatika tangu alfajiri, jua linawaka vizuri, na Kibiti yote inanukia udongo uliolowa. Nywele zangu bado mbichi. Kuna mchanga ndani ya sikio langu la kushoto na wala sina haraka ya kuutoa.

Leo nimeoga mtoni.

Si Rufiji, mto mkubwa wa watu wa bondeni, la. Ni mto wetu huu huu wa mjini, Nangulo, unaopita chini ya daraja nyuma ya kibanda changu cha cherehani. Ule ambao hadi mwaka juzi mtu akidondosha ndala ndani yake aliiaga papo hapo, akaenda kununua nyingine.

Na sikuoga peke yangu. Mama ameoga. Ndiyo maana nimekaa hapa naandika badala ya kumaliza dera la mtu nililoahidi kulitoa leo. Mwenye dera anisamehe, au asinisamehe, leo yote sawa. Najiona kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na bado anatembea kwa kunyoosha shingo.

Nianze mwanzo, maana najijua, nikiwa na furaha naparamia mambo.

Nilipokuwa mdogo Nangulo ulikuwa mto wa kuogelea. Tukitoka shule tulificha sare kwenye tawi la mkorosho, tukajirusha majini, tukarudi nyumbani tunajidai tulikuwa tunafagia darasa. Mama alikuwa hakosi kutugundua, anatukwaruza mkono kwa kucha, ikitokea alama nyeupe basi kiboko. Kisha mji ukakua. Barabara ikaleta mabasi, mabasi yakaleta wageni, wageni wakajenga, na kila aliyejenga, mgeni kwa mwenyeji, alitafuta pa kutupia. Waosha bodaboda wakakata ngazi hadi majini. Wachoma kuku wakaleta matumbo. Pampasi zikaja, na pampasi haiozi, inakutazama tu.

Lakini baya kuliko yote lilikuwa vyoo. Mvua ikinyesha, watu wa juu ya mto walifungulia vyoo vilivyojaa ili mvua isombe. Kutapisha choo, ndivyo tunavyoita. Asubuhi mnakutana sokoni mnasalimiana vizuri kabisa, habari za watoto, nzuri. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna asiye na choo.

Aliyeanza kusema ni mwalimu Eliya, anayefundisha sayansi hapa. Amekulia Kyela, kando ya ziwa, na aliletwa huku na kazi. Alituambia kwamba kilichomshangaza Kibiti si joto wala mbu, ni kuona mji una mto na ndani ya mto hakuna mtoto. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, kisha nikajiunga na kikundi chake cha kusafisha mto, na nisijifanye mpenda mazingira, niliingia kwa sababu ya harufu. Mteja anakuja kujipima gauni ameziba pua, utamshonea nini mtu wa hivyo akapendeza?

Tulifanya kazi. Mikono ilichubuka. Tulitoa matakataka hadi tukaanza kuona mchanga, tukapanda matete kwenye kingo zilizokuwa zinaporomoka, tukawachimbia waosha bodaboda shimo lao la kokoto mbali na maji. Kwenye vyoo ndiko tulikotoana jasho. Nyumba kwa nyumba, hodi, karibu, kaa, kunywa maji, haya semeni shida yenu, na shida yetu ni choo chako. Mwisho watu wa juu walikubali kuita gari la kunyonya kwa pamoja, nyumba kadhaa kwa safari moja, na wakaahidi kwamba mvua itanyesha na hakuna atakayefungulia. Ahadi hiyo niliipokea kama ahadi ya fundi mwenzangu. Nikisema kesho dera litakuwa tayari, Mungu ndiye ajuaye.

Katikati ya kazi hiyo Baba akafariki.

Sina la kuandika juu ya hilo leo. Nimeshaandika humu siku nyingine, na leo nina furaha, sitaki kuichanganya.

Mama akakaa eda. Chumba cha ndani, nguo nyeupe, hatoki, haendi shughuli, sisi ndio tunaoingia na kutoka. Siku moja nimempelekea uji akanikalisha kitandani. Akasema, "Mwaja, siku yangu ikifika nataka nitolewe mtoni. Mama yangu alitolewa mtoni, bibi yangu alitolewa mtoni. Msije mkanitia mie kwenye beseni kama kitoto kichanga."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mjane akimaliza eda, wanawake humpeleka mtoni asubuhi, wifi yake humwosha kichwa hadi miguu, humvika nguo mpya, hurudi nyumbani na udi umeshawashwa. Ustadhi alishatuambia ni mila tu, dini haikudai mto, ila pia haijamkataza mtu kuoga. Tangu mto uharibike wajane wa mjini wanatolewa kwenye beseni uani. Nimeshuhudia. Mwanamke mzima amekunja magoti ndani ya plastiki ya bluu, kuku wanapita.

Nikamwambia, "Tukupeleke Ngorongo kwenu, Mama. Rufiji ipo, maji tele."

Akanitazama hadi nikajuta. Rufiji ndiyo iliyomchukua mdogo wake, Mwanahamisi, wakiwa wasichana. Mamba. Mama hasimulii, nimeisikia kwa wajomba. Tangu ameolewa akaja Kibiti hajatia hata kidole katika mto ule. Akasema mume wake kazikwa hapa, maji yatakayomtoa ni ya hapa.

Nikasema sawa, Mama. Nilisema upesi kama mtu anayeahidi kitu kilichoko kabatini.

Shida ya eda ni kwamba haina kuahirisha. Harusi husogezwa, kisomo husogezwa, hata mtihani husogezwa. Eda ikifika imefika. Na mimi ndiye binti mkubwa, ndiye niliyesema sawa.

Basi nikawa mkali kwenye kikundi kuliko mwenyekiti. Mwalimu Eliya akaanza kuniita Bi Mkubwa. Na kweli, mto ulikuwa unakuja. Tulichagua mahali pa kuogelea, pale kwenye kona chini ya daraja, maji ya kiunoni, chini mchanga mtupu. Watoto wakaanza kuja kusimama ukingoni na kutazama, bado hawajaruhusiwa, vidole vya miguu vinawawasha.

Nikamweleza Mama yote hayo. Akafurahi. Kisha akasema, "Na wigo mmeshaweka?"

Kwa asiyejua, bondeni kote huko watu hawaingii mtoni hivi hivi. Wanapigilia nguzo ndani ya maji, zinazunguka mahali pa kuchotea na kuogea, mamba anabaki nje. Huo ndio wigo. Mwaka aliochukuliwa Mwanahamisi mafuriko yalikuwa yameung'oa wa kwao, na wanaume walikuwa bado wanasema kesho, kesho.

Nikamwambia, "Mama, Nangulo hauna mamba. Una pampasi."

"Mamba hapigi hodi," akasema. "Hapana wigo, mie siingii."

Nani atabishana na mwanamke aliye edani kwa jambo kama hilo? Kaka yangu Omari akaenda Nyamisati, akarudi na boriti za mikoko, zile zisizoliwa na maji, na kibali chake mfukoni maana siku hizi mikoko haikatwi ovyo. Omari alijifunza kujenga wigo kwa wajomba zetu Ngorongo na hajapata nafasi ya kujionyesha tangu hapo. Alipigilia nguzo zimekaribiana hadi kiganja hakipiti, akasukia fito kati yake. Mwalimu Eliya alikuja akauliza ni za nini. Tukamwambia za mamba. Akautazama mto, ambao mahali pengine mbuzi anauruka, akatutazama sisi, akasema kila watu na mambo yao, akavua viatu akashika nyundo.

Wigo ulipendeza sana. Nilipiga picha nikampelekea Mama kitandani. Akaikuza kwa vidole viwili, akahesabu nguzo kwa macho, akasema Omari kajenga kama babu yake. Siku hiyo alikula wali akamaliza sahani.

Wiki ile ile mto ukaanza kunuka.

Si mto wote. Pale pale petu, kwenye kona. Maji yakafanya povu, kisha utando wa kijani, kisha ile harufu ya zamani ninayoijua kama sauti ya jirani. Afisa afya alikuja, akachota kwenye vichupa vyake, majibu yakarudi kwamba mtu asiingie. Watoto wakaacha kuja. Mzee mmoja wa kijiweni akapita kibandani kwangu akasema tulikuwa tunamfundisha nguruwe kuvaa kanzu. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikamshukuru Mungu kwa subira aliyonipa.

Subira hiyo haikufika mbali. Nilijua mwenye kosa ni nani, kwani nani mwingine? Watu wa vyoo. Na choo cha karibu zaidi na maji ni cha Mama Zawadi, mwanamke wa Singida mwenye nyumba ya kupangisha pale juu, mnene, mwenye kicheko kinachosikika hadi stendi. Nikapanda hadi kwake, nikamsomea mbele ya wapangaji wake. Nilisema ameahidi mchana na kuvunja usiku. Nilisema mama yangu anasubiri mto huu na yeye anautapikia. Nilisema na mengine ya ugeni wake ambayo siyaandiki hapa, nina haya.

Alisimama ameshika kitenge chake, akanisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Afadhali angenitukana.

Niliporudi nikaenda kukaa ukingoni na hasira zangu. Nilikuwa nachuma majani na kuyarusha majini kama mtoto aliyenyimwa. Jani nililorusha nje ya wigo likaenda zake, likapita chini ya daraja, likapotea. Nililorusha ndani ya wigo likakaa. Likazunguka kidogo, likarudi kwenye povu, likakaa tena. Nikarusha jingine. Vile vile.

Nikainuka nikaenda upande wa juu wa wigo, hatua chache tu, nikachota kwa kiganja. Maji yanapita, meupe, hayana harufu. Nikashuka hadi kwenye wigo wenyewe. Kwenye nguzo kulikuwa kumenasa majani, nailoni, maganda ya machungwa, ubua wa muhindi, kila kilichokuja na mkondo, na fito za Omari zimekishika vizuri, kama zilivyosukwa kushika. Ndani maji yamesimama yanaoza.

Mama Zawadi hakufungulia kitu. Tuliouziba mto ni sisi, kwa wigo wa mamba, katika mto usio na mamba.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Kisha nikalia. Mpita njia akanipa pole akidhani ni ya Baba.

Omari alikataa kuamini hadi alipoingia mwenyewe na kutia mkono kwenye uchafu. Akasema kule Ngorongo hajaona wigo ukifanya hivyo. Kule mto unasukuma, hata nyumba unaisukuma. Huu wetu unajipitia tu polepole, ukiuzuia unakaa. Tukang'oa nguzo zote siku ile ile, Omari, mimi na mwalimu Eliya. Siku chache baadaye pale kwenye kona mchanga ulikuwa unaonekana tena. Afisa afya akarudi na vichupa vyake, na safari hii majibu yalikuwa mazuri, mtu aoge.

Nilienda kwa Mama Zawadi kuomba radhi. Nilisema yote, mbele ya wapangaji wale wale, maana nilimtukana mbele yao. Akasema, "Nimesikia." Basi. Hakunikaribisha kiti, na sikustahili kiti.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nilipaswa kumwambia Mama.

Nilimweleza taratibu. Nilimwambia wigo unauua mto, na mto ukifa hakuna pa kumtolea. Nilimwambia Omari ameukagua mto mzima kwa miguu, hakuna hata kenge. Alinisikiliza anachezea ncha ya upande wake mweupe wa khanga. Nilisubiri agombe. Mama akigomba najua pa kushika.

Akasema, "Basi mwanangu, leteni beseni."

Bila hasira. Aliposema hivyo nilimwona amezeeka. Nikatoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Shangazi Rehema, wifi yake Mama, ndiye aliyetafuta njia ya katikati. Alisema tumpeleke hivyo hivyo hadi ukingoni, akae kwenye kigoda, tuchote maji ya mto kwa ndoo tummwagie. Hataingia, lakini maji yatakuwa ya mto. Mama akakubali kwa kichwa. Mimi nikakubali kwa mdomo. Kila nikikifikiria kile kigoda nilikuwa namwona amekaa juu ya maji anayoyataka na hayagusi, na nilikuwa nakereka na mamba ambaye hayupo.

Jana sasa, Ijumaa, mawingu yakajikusanya. Mvua ya kwanza kubwa tangu ile ahadi ya watu wa juu. Nilisimama mlangoni naitukana mvua kimoyomoyo, Mungu anisamehe, wakulima wanaiomba. Nilijua zilivyo nyumba za kule. Nani anakuona gizani? Unavuta kizibo, unalala, asubuhi unasalimia watu.

Leo nimeamka kabla ya adhana, nikaswali nikiwa nusu nimo kwenye swala na nusu nimo mtoni, nikafunga khanga nikaenda. Nilishuka ukingoni, nikachuchumaa, nikaogopa kuvuta pumzi. Nikavuta.

Udongo. Majani. Basi.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi kwa ajili ya mvua, lakini hayakuwa na ile harufu. Nikasogea juu zaidi, nikanusa tena. Nikaenda hadi usawa wa nyumba ya Mama Zawadi, nikanusa kama mbwa, mtu angeniona angenipeleka kwa mganga. Hakuna. Mvua imenyesha karibu usiku mzima na hakuna aliyefungulia. Watu walisema hawatafungulia, na hawakufungulia! Sijui kwa nini hilo liliniliza kuliko mengine yote, lakini liliniliza.

Jua lilipochomoza tukamleta Mama. Hakuwa ametoka nyumbani tangu msiba, alitembea polepole anatazama maduka kama mgeni. Omari na mwalimu Eliya walikuwa juu barabarani wakiwageuza wanaume wote na bodaboda zao, mahali pa wanawake leo, piteni kule. Sisi wanawake tulikuwa kama ishirini, majirani, wa kikundi, wa msikitini, na wengine wa kanisani kwa mwalimu Eliya waliotaka kuona. Tukaweka kigoda. Shangazi Rehema akashika ndoo.

Mama akasimama. Hakukaa. Alikuwa anayatazama maji. Niliona mguu wake wa kulia umetoka kwenye kandambili, ukasogea, ukarudi.

Hapo nikasikia watu nyuma wanapisha njia. Alikuwa Mama Zawadi. Sikumwalika, ningemwalika kwa uso gani? Alikuwa amefunga kitenge kifuani, hana kiatu. Hakunitazama mimi. Alimpita Mama, akaingia mtoni na nguo zake, maji yakamfika kiunoni, akageuka.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," akasema. "Nimesikia unataka wigo. Nguzo ya kwanza ndiyo hii. Mamba akija ataanzia kwangu, na akimaliza hapa hatakuwa na njaa ya kukufuata."

Mama akacheka. Nilikuwa sijausikia mcheko huo tangu Baba.

"Marahaba," akasema. "Nguzo nene hii."

Nikaingia. Sikufikiri, nilijikuta niko ndani, maji baridi yananikata pumzi, na nikaenda kusimama karibu na Mama Zawadi. Wa tatu akaingia, wa nne, wote na nguo zao, wanapiga kelele za baridi, wanashikana mikono. Tukazunguka kona yote, mabega yamegusana, tumekaza kama nguzo za Omari. Katikati tukaacha nafasi, na mlango mmoja upande wa ukingo.

Mama Zawadi aliufinya mkono wangu. Nami nikaufinya wake.

Mama akavua kandambili. Shangazi Rehema alimshika kiwiko wakaingia pamoja, polepole, maji magotini, mapajani, kiunoni. Mlango wa wigo ukafungwa nyuma yao. Shangazi akasema bismillahi, akamwosha. Kichwa, uso, mabega, mikono, akichota kwa viganja kutoka mto wenyewe. Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, sijui ni dua au ni jina la mtu.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani sasa atatoka, tumvishe dera nililomshonea, la zambarau lenye shingo ya kudarizi, turudi kwenye udi na wali.

Mama akafumbua macho. Akayatazama maji yaliyomzunguka, akatazama povu dogo la sabuni ya Shangazi lililosimama mbele ya matumbo yetu haliendi popote. Akakunja uso.

"Hebu sogeeni," akasema. "Mmekaza mno. Maji hayapiti."

Tukatazamana. Tukaachia mikono, tukarudi nyuma hatua moja. Povu likapita kati yangu na Mama Zawadi, likaenda zake.

"Tena," akasema Mama.

Tukarudi tena. Sasa kati ya mtu na mtu angepita mbuzi, sembuse mamba. Mama akajilaza kifudifudi juu ya maji kama mtu anayejilaza kitandani kwake, akapiga mkono mmoja, akapiga wa pili. Sikujua. Wallahi miaka yote hii sikujua mama yangu anajua kuogelea. Alikuwa anatuchapa kwa kuogelea!

Akafika mbele ya nguzo mojawapo, binti wa jirani, akamwambia, "Nipishe mwanangu." Yule akapisha. Mama akatoka nje ya wigo, akaogelea hadi chini ya daraja, akageuka, akarudi dhidi ya mkondo, anapuliza maji kwa mdomo. Hakuna aliyepiga vigelegele mwanzoni, tulisahau. Kisha vikapigwa hadi Omari kule juu akadhani pamekuwa na balaa, akaita kwa kelele, "Kuna nini huko?"

"Wigo umevunjika!" akamjibu Mama Zawadi. "Usije!"

Baada ya hapo hapakuwa na utaratibu. Shughuli iligeuka kuoga. Niliingiza kichwa chini ya maji kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na sare ya shule. Shangazi Rehema, ambaye ana shinikizo la damu na huwa hapandi hata ngazi, alikaa kwenye maji ya kina kifupi akikataa kutoka. Nguo nyeupe za eda hatukuziachia mto uzichukue kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu. Mama mwenyewe alizikunja akazitia ndooni, akasema zifuliwe zitolewe sadaka, mto umeshakula vya kutosha. Mchana huu watoto wako pale, nawasikia hadi hapa kibandani, na mwalimu Eliya amekaa ukingoni anawachunga, anatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Najua mambo hayajaisha. Mvua ziko mbele, vyoo vitajaa tena, na zile boriti za mikoko zimelala uani kwa Omari, anasema atajengea kibanda cha kubadilishia nguo. Nyumba mbili za juu kabisa bado hazijaingia kwenye mpango wa gari la kunyonya. Wiki ijayo nitakwenda. Nitabisha hodi vizuri, na Mama Zawadi amesema atanisindikiza, maana mimi peke yangu nina mdomo mbaya. Alisema hivyo mbele ya watu. Nimekubali, nilipewa nafasi ndogo ya kukataa.

Khanga ya Mama iko kwenye kamba mbele yangu inakauka. Nimeshaenda kuinusa, nimerudi, nimeenda tena. Haina harufu yoyote.

Yeye mwenyewe amepita hapa sasa hivi, amevaa dera la zambarau, kichwa wazi, nywele zinachuruzika mgongoni. Nilidhani amekuja kunishukuru, nikajiweka sawa kwenye kiti. Alitazama cherehani, akatazama dera la mtu lililolala nusu, akasema nina uvivu. Kisha akainama akaokota kandambili zake nilizomletea kutoka ukingoni, akauliza:

"Kesho tunakwenda saa ngapi?"